Maswali ya Wasomaji: Miguu Ikichoka, Goti Ndilo Linalolipa

Msimu wa michezo ya shule ukikaribia, barua za magoti huongezeka. Safari hii nyingi zimetoka kwa watu wa mpira wa wavu wa wasichana, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mchezaji aliyetua vizuri seti ya kwanza, mbona anatua ovyo seti ya nne? Majina ya walioandika tumeyaacha.

Magoti yanabusiana

*Habari za kazi. Nafundisha timu ya wasichana ya sekondari. Mwanzo wa mechi wanatua vizuri, lakini kuanzia seti ya tatu, wakishuka kutoka kwenye bloku, yaani kuruka wavuni kuzuia mpira, magoti yanaingia ndani mpaka yanakaribia kubusiana. Nikiwakaripia wanajirekebisha mara mbili tatu, kisha yanarudi. Ni uchovu au ni uzembe? – Kocha, Morogoro*

Si uzembe, kocha. Na kukaripia hakuwezi kusaidia, kwa sababu kosa hili lina kasi kuliko fikra. Video za wachezaji waliochanika ligamenti ya msalaba ya mbele, ule utepe ulio katikati ya goti unaounganisha mifupa, zimechunguzwa picha kwa picha, na zinaonyesha kwamba inakatika kama milisekunde 40 tu baada ya mguu kugusa sakafu. Mtu anayeamua kwa hiari yake kukaza msuli huhitaji milisekunde 150 au zaidi. Kwa hiyo breki ya kutua hufungwa angani, kabla mguu haujafika chini. Ubongo wa mchezaji aliyezoea hufanya hivyo bila kuulizwa: akiwa bado anashuka, misuli ya shavu la mguu, ya nyuma ya paja na ya matako huwa imeshaanza kukazwa.

Uchovu unaharibu maandalizi hayo ya angani. Msuli uliochoka unatoa nguvu kidogo na unaitoa kwa kuchelewa. Zaidi ya hapo, amri yenyewe inayotoka kwenye ubongo hufifia. Wapo watafiti waliowachosha wachezaji mguu mmoja peke yake, na mguu wa pili, ambao haukufanya kazi yoyote, nao ukaanza kutua vibaya. Ndiyo maana mchezaji anaweza kusema kwa dhati kwamba miguu haimuumi na bado akatua kama gunia.

Misuli yenyewe huangusha kazi kwa zamu. Shavu la mguu ndilo linalopokea mshtuko wa kwanza: vidole vinagusa, kisigino kinashushwa taratibu. Likichoka, unyayo wote unapiga sakafu kwa pamoja, na mzigo ambao ungemalizwa na kifundo unapanda gotini. Kwa hiyo sikiliza kabla hujatazama, maana timu iliyochoka inatua kwa kishindo. Kisha inafuata misuli ya ubavuni mwa nyonga, inayozuia paja lisizunguke kwenda ndani. Ikilegea, paja linaanguka ndani na goti linafuata. Goti halina msuli wake wa kulizuia lisiende kando. Linaitii nyonga iliyo juu yake na unyayo ulio chini yake. Ndiyo sababu kumpigia mchezaji kelele "fungua magoti!" hakufui dafu, lakini "kaa, kama unatafuta kiti nyuma yako" huleta badiliko, kwani linaiamsha nyonga.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo mlinzi wa karibu wa ile ligamenti: inauzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele. Misuli ya mbele ya paja hufanya kinyume. Goti likiwa limekunjwa chini ya nyuzi 30, yaani karibu limenyooka, ya mbele inauvuta muundi kwa nguvu na ya nyuma haina pembe nzuri ya kuurudisha. Kutua ukiwa umenyooka ni kuipa ligamenti kazi ya misuli.

Hesabu yake hii hapa, maana wachezaji huiamini kuliko maneno. Chukua msichana wa kilo 60 aliyepaa sentimita 40. Akitua na kuzama sentimita 40 kwa kukunja kifundo, goti na nyonga, wastani wa nguvu inayompiga ni mara mbili ya uzito wake. Akizama sentimita 20, ni mara tatu. Akizama sentimita 10 tu, ni mara tano: kama kubebeshwa kilo 300. Na huo ni wastani; kilele chake kiko juu zaidi.

Neno moja la tahadhari. Tafiti hazikubaliani kwamba uchovu huleta kosa lilelile kwa kila mtu. Kuna wachezaji ambao wakichoka hutua wakiwa wamekakamaa zaidi, na kuna ambao huzama zaidi, kana kwamba mwili unajihami. Inategemea wamechoshwa vipi na wana nguvu wapi. Usitafute kosa moja la timu nzima. Mjue kila binti wako huharibikia wapi.

Mechi ijayo, mpe mchezaji mmoja wa akiba daftari na kalamu, apige mstari kila mwenzake anaporuka: bloku, smashi, kuseti angani, kuanzisha kwa kuruka. Utagundua mzigo hauko sawa. Mzuiaji wa kati huruka sana wavuni, lakini libero, yule mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma, akimpokea anapata kupumua. Mpiga smashi wa pembeni hana bahati hiyo: anapokea, anakimbia, anapiga, na mzunguko ukimrudisha nyuma bado anatafutwa. Una nafasi 6 za kubadilisha wachezaji kwa kila seti. Makocha wengi wa shule huziweka akiba mpaka mtu aumie.

Natua mguu wa kushoto tu

*Shikamooni. Mimi ni mchezaji wa voliboli, miaka 17, napiga smashi kutoka namba nne, mbele kushoto, kwa mkono wa kulia. Nikianza kuchoka najikuta natua na mguu wa kushoto peke yake. Sasa chini ya pia ya goti hilo pananiuma, hasa nikishuka ngazi. Nifanye nini? – Mwanafunzi, Kakamega*

Marahaba, binti yetu. Anza kutazama hatua zako kabla ya kuutazama mguu. Anayepiga kwa mkono wa kulia hukimbilia mpira kwa kushoto, kulia, kushoto. Ile hatua ya pili, ya mguu wa kulia, inatakiwa iwe ndefu na ianze na kisigino, kwa sababu ndiyo inayogeuza mbio za mbele kuwa kupaa juu. Miguu ikichoka hatua hiyo hufupika. Matokeo yake unaruka ukielekea wavuni badala ya juu, unafika umechelewa, na mpira unakuwa nyuma ya kichwa chako, upande wa kushoto. Ili uufikie unalazimika kupinda kiwiliwili kushoto, uzito wote unahamia upande huo, na mguu wa kushoto unakuta uko peke yake chini. Hukuchagua kutua hivyo, mruko ulishaamua.

Tiba ina sehemu mbili. Kwanza, mwambie seta wako, yule anayekuandalia mpira, kwamba ukianza kuchoka akuwekee mpira juu kidogo na mbali kidogo na wavu, kama mita moja, ili upate muda wa kuukuta mbele ya bega lako la kulia. Hilo si kujidekeza. Seta mzuri anapaswa kulijua hata kabla hujamwambia. Nawe uanzie mbio nyuma ya mstari ulio mita 3 kutoka mstari wa kati, kila mara, hata kama unatamani kufupisha. Mpira ukija vibaya, gusia tu uvuke wavu na utue kwa miguu miwili. Pointi moja haina thamani ya goti.

Sehemu ya pili ni hayo maumivu. Ukibonyeza ncha ya chini ya pia ya goti na ukapata maumivu ya mahali pamoja, penye upana wa kidole, basi huenda ni kano la pia ya goti, linaloiunganisha pia na mfupa wa muundi. Maumivu haya yamezoeleka sana kwa wanaoruka. Uchunguzi uliofanywa Norway kwa wachezaji wa kiume wa wavu wa kiwango cha juu uliyakuta kwa karibu nusu yao. Kano halipendi kuacha kazi ghafla, na halipendi kuongezewa kazi ghafla. Punguza miruko kwa wiki 2 hadi 4, usiache mazoezi yote. Egemea ukuta kama uliyekaa kitini, magoti yamekunjwa kiasi, shikilia sekunde 45, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Hilo unaweza kulifanya kila siku. Baada ya hapo panda kwenye kuchuchumaa kwa polepole, sekunde 3 kushuka na 3 kupanda, huku umebeba mzigo, siku 3 kwa wiki. Maumivu ya 3 kati ya 10 wakati wa zoezi yanavumilika endapo kesho yake asubuhi yamerudi yalivyokuwa. Yakiwa yamezidi, jana ulipitiliza. Yakidumu zaidi ya wiki 6, muone mtaalamu wa viungo.

Kupima bila maabara

*Hatuna vifaa vyovyote isipokuwa simu yangu. Naweza kujua mapema nani anatua vibaya akichoka? – Mwalimu wa michezo, Kisumu*

Unaweza, na simu inatosha. Tafuta kisanduku imara cha sentimita 30. Pima nusu ya urefu wa mchezaji kutoka kwenye kisanduku, chora mstari kwa chaki. Anaruka mbele kutoka juu ya kisanduku, anatua baada ya mstari kwa miguu miwili, na papo hapo anaruka juu kwa nguvu zake zote. Mara 3. Mchukue video kutoka mbele, kisha mara 3 nyingine kutoka ubavuni, simu ikiwa imekaa sawa na urefu wa goti, umbali wa kama mita 3. Usimwambie unatazama nini, la sivyo utapima utiifu wake.

Rudisha video kwa mwendo wa polepole, isimamishe pale mguu unapogusa. Kutoka mbele: je, goti liko juu ya katikati ya unyayo au limepita ndani ya kidole gumba? Miguu yote miwili imegusa pamoja? Kiwiliwili kimepinda kando? Kutoka ubavuni: goti limekunjwa kabla ya kugusa, au limenyooka kama nguzo? Vidole vimetangulia? Nyonga imekunjwa, au amesimama wima huku magoti pekee yakitangulia? Andika makosa.

Kisha rudia kipimo kilekile mwisho wa mazoezi magumu. Tofauti ya karatasi hizo mbili ndiyo unayoitafuta. Wako wasichana wenye makosa mawili asubuhi na sita jioni, na hao ndio wa kuangaliwa kuliko yule mwenye matatu asubuhi na matatu jioni.

Cha haraka zaidi, cha kila siku: chaki kwenye vidole, ukuta na futi. Mchezaji anasimama, ananyoosha mkono, anatia alama. Anaruka mara 3, unachukua alama ya juu na kupima pengo kati ya alama hizo mbili. Aliyeanza na sentimita 40 akishuka hadi 36, amepoteza asilimia 10. Hapo mazoezi yake ya kuruka yameisha kwa siku hiyo. Aendelee kupokea, kuanzisha akiwa amesimama, kujifunza mbinu. Asirushwe tena.

Tuwazoeze kutua wakiwa wamechoka?

*Naona kama uchovu ndio unaoleta makosa, basi dawa ni kuwachosha kwanza halafu kuwafundisha kutua, wazoee. Wenzangu wananipinga. Nani yuko sahihi? – Kocha wa timu ya mkoa, Dodoma*

Wenzako, kwa sehemu kubwa. Mwili hujifunza kile unachorudia. Ukimfundisha mtu kutua akiwa hoi, atarudia kutua kubaya mara hamsini, na hicho ndicho atakachokariri. Ufundi hufundishwa miguu ikiwa mibichi: mara tu baada ya kupasha mwili moto, dakika 15 hadi 20, siku 3 kwa wiki, kuanzia angalau wiki 6 kabla ya mashindano.

Mpangilio unaofaa uko hivi. Wiki mbili za kwanza, wachezaji washuke kutoka kwenye kisanduku cha sentimita 30, watue bila sauti na wagande sekunde 3, mara 5 kwa raundi 3. Wakigandia vizuri, nenda kwenye bloku wavuni kwa kuganda vilevile. Wiki ya tatu na ya nne, ongeza bloku ya kusogea kando hatua mbili, kwa sababu hapo ndipo mguu wa nje huingia ndani, na kuruka kwa mguu mmoja mbele na kando, mara 5 kila mguu, raundi 2. Kuanzia wiki ya tano, waondolee uhakika: wewe nyuma ya wavu unaonyesha mkono kushoto au kulia mchezaji akiwa tayari angani, naye akitua aelekee huko. Uchovu ukikutana na uamuzi wa ghafla ndipo kutua kunapoharibika zaidi, na mechi nzima ni maamuzi ya ghafla.

Baada ya hatua hizo ndipo wazo lako linapata nafasi yake, tena kama kipimo: mwisho wa mazoezi, mara moja kwa wiki, miruko 5, raundi 2. Makosa mawili mfululizo, anatoka.

Kinachomfanya mchezaji achelewe kuchoka ni nguvu, na hapa ndipo timu nyingi za wasichana zinapowaonea wachezaji wao kwa kuwanyima. Mazoezi ya nguvu yawe siku 2 kwa wiki, zikiachana saa 48, na isiwe siku ya kuamkia mechi. Misuli ya nyuma ya paja: mchezaji anapiga magoti juu ya kitu laini, mwenzake anamshika vifundo, naye anajishusha mbele mwili ukiwa umenyooka kuanzia goti hadi kichwa, kwa sekunde 3 au 4, kisha anajidaka kwa mikono. Aanze na raundi moja ya mara 3 hadi 5, si zaidi. Ukianza na kumi, kesho yake hawatembei, na watalichukia zoezi. Ndani ya wiki 6 hadi 8 afike raundi 3 za mara 8. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja hadi kugusa benchi, mara 8 kila mguu, raundi 3. Kupanda na kushuka kwa vidole vya mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, mara 12 hadi 15, raundi 3. Kata tyubu ya baiskeli, ifunge juu kidogo ya magoti, watembee kando nusu wamekaa, hatua 10 kila upande, raundi 2. Malizia kwa kulala ubavu na kujiinua juu ya kiwiko, sekunde 20 hadi 30 kila upande.

Na tafadhali, kocha, kichurachura kama adhabu ya kushindwa mechi kiondolewe kabisa. Ni miruko mingi isiyohesabiwa, magoti yamekunjwa hadi mwisho, miguu imeshachoka, hasira ndiyo inayosimamia. Hakuna zoezi baya zaidi kwa wakati mbaya zaidi.

Binti asicheze kwa sababu ya nyonga?

*Binti yangu ana miaka 13. Nimeambiwa wasichana wana nyonga pana, magoti yao hayafai kuruka. Nimtoe? – Mama mzazi, Nairobi*

Usimtoe, mama. Ni kweli kwamba katika michezo inayofanana, kama kikapu na soka, wanawake huchanika ligamenti hiyo mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Lakini nyonga pana si hukumu. Kinachotokea ni kwamba katika kubalehe mvulana hurefuka huku misuli yake ikijaa yenyewe, wakati msichana hurefuka na kuongeza uzito bila nguvu ya misuli kupanda kwa kiwango hicho. Gari limekua, breki ni zilezile. Nguvu hiyo hujengwa, na mazoezi ya namna tuliyoyaeleza hapo juu yamepunguza majeraha ya ligamenti hiyo kwa wanawake kwa karibu nusu. Miaka 12 hadi 16 ndiyo ya kuanza. Malkia Strikers, timu ya taifa ya wavu ya wanawake ya Kenya, wamecheza Olimpiki za Sydney mwaka 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024. Muulize kocha wa binti yako swali moja tu: mazoezi ya nguvu na ya kutua yako siku gani za wiki? Akikosa jibu, hapo ndipo pa kushughulikia.

Anachoka kabla ya wenzake

*Nina mchezaji mmoja, seti ya pili tu amekwisha. Wenzake wanamwita mvivu. – Matroni, Kilifi*

Apimwe damu kabla hajaitwa mvivu. Kwa msichana asiye mjamzito, hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na kwetu sababu ni nyingi: hedhi nzito, malaria, minyoo, chakula kisicho na madini ya chuma. Maini, dagaa na maharage husaidia, zaidi yakiliwa pamoja na chungwa au ndimu. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya mlo kwani huzuia chuma kufyonzwa. Vidonge apewe kwa kipimo, si kwa kubahatisha.

Muulize pia, kwa faragha na kwa upole, kama hedhi yake ipo. Ikiwa imekatika miezi 3 na si mjamzito, huenda anakula kidogo kuliko anavyotumia, na hapo hata mifupa iko hatarini. Daktari amuone. Na usingizi: bweni linaloamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku haliwezi kutoa miguu mibichi.

Mwezi wa Ramadhani

*Assalaam alaykum. Tunafanya mazoezi saa 10 jioni tukiwa tumefunga. Tuache kuruka? – Nahodha, Unguja*

Waalaykum salaam. Kuruka kuhamieni usiku, baada ya tarawehe, mkiwa mmekunywa na kula. Jioni fanyeni ufundi mwepesi wa dakika 30 hadi 40, uishie karibu na magharibi ili mfungue mara moja. Punguzeni miruko ya wiki nzima kwa theluthi moja hivi. Kinachowachosha zaidi ni usingizi unaokatwa na daku kuliko hata njaa, kwa hiyo atakayeweza kulala mchana alale.

Sementi, udongo au mchanga

*Uwanja wetu ni wa sementi. Tukifanyia ufukweni ni bora? – Kocha, Tanga*

Mchanga hupunguza kishindo, na kwa kufundisha kutua kwa wingi unafaa. Lakini unachosha mashavu ya miguu haraka na hauwafundishi kusimama kwenye sakafu ngumu, kwa hiyo usizidi nusu ya mazoezi ya kuruka. Kwenye sementi, fagia vumbi, wavae viatu ambavyo soli yake haijaisha, na hesabu miruko kwa ukali zaidi. Wa udongo, umwagieni maji jioni ya kuamkia mechi, si asubuhi yake, msije mkateleza.

Kuna jambo lingine la uwanja. Sheria inaruhusu unyayo kuvuka mstari wa kati mradi sehemu yake ibaki juu ya mstari, na wapigaji waliochoka huteleza kuelekea huko bila kujua. Wakitua juu ya mguu wa mpinzani, kifundo kinateguka. Ndilo jeraha la ghafla linaloongoza katika mchezo huu. Chora mstari wa chaki sentimita 50 kutoka katikati. Mazoezini, smashi iliyofunga lakini mpigaji akatua mbele ya chaki isihesabiwe.

Goti limelia "pwaa"

*Mchezaji wetu alitua, goti likalia, likavimba jioni ileile. Bibi mmoja amemchua kwa mafuta na maji ya moto siku mbili. Sasa anatembea, anataka kurudi mechi ya Jumamosi. – Mwalimu, Kigoma*

Asicheze, mwalimu, hata kama anatembea. Goti lililotoa mlio, likavimba ndani ya saa chache, na linalohisi kukatika akigeuka, lichukuliwe kuwa limechanika ligamenti mpaka daktari aseme vinginevyo. Uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu ndani ya goti. Kuchua na maji ya moto katika siku za kwanza huongeza damu hiyo, kwa hiyo visimame sasa hivi. Afungwe bendeji ya kuvuta isiyobana vidole, mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.

Eksirei itaonyesha mfupa tu. Ligamenti haionekani humo, kwa hiyo karatasi ya eksirei "safi" si ruhusa ya kucheza. Anahitaji mikono ya daktari wa mifupa anayejua kulipima goti, na ikibidi kipimo cha MRI, picha inayoonyesha ligamenti. Akirudi uwanjani goti likiwa limelegea, atapasua na gegedu za ndani, na hizo hazirudi zilivyokuwa.

Ikithibitika na akafanyiwa upasuaji, hesabu miezi 9 kamili kabla ya mechi, hata kama wa sita anakimbia. Kabla ya kuruhusiwa, mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake katika kuruka kwa mguu mmoja na katika nguvu za paja. Vipimo hivyo vifanywe siku mbili tofauti: siku ya kwanza akiwa amepumzika, siku ya pili mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imeshachoka.